Mwanagenzi na Mwili wa Mwenziwe

Limetufikia suala kutoka Lodwar, na aliyeliuliza ni kijana wa mji wetu, mwana wa watu tuwajuao, aliyesoma Kurani pamoja na watoto wetu kabla ya kwenda kujifunza kazi ya utabibu. Tulilisoma barazani baada ya sala ya Isha, likazua maneno mengi kuliko tulivyodhani, hata siku tatu mfululizo darasa letu likawa halina jingine. Na kwa kuwa vijana wengi wa pwani wamo katika masomo kama hayo, na hapana nyumba isiyopata siku moja kumpandisha mtu wake katika gari la wagonjwa, tumeona yafaa jawabu lake lisiwe la mtu mmoja bali lisomwe na wote.

Aliyoyaandika, kwa ufupi, ni haya. Chuo chake humtaka kila mwanafunzi afanye zamu kadhaa ndani ya gari la wagonjwa, akae nyuma pamoja na tabibu na mwuguzi, atazame, asaidie, kisha aandike katika daftari lake kila kazi aliyoifanya kwa mkono wake: presha amepima mara ngapi, dripu ametia mara ngapi, mrija wa hewa ameupitisha kooni mara ngapi. Hesabu isipotimia, cheti hakipatikani. Zamu yake ikaangukia upande wa Turkana. Siku moja wakaitwa Kalokol kumchukua mzee mvuvi aliyevushwa kwa mashua kutoka Longech, ng'ambo ya Ghuba ya Ferguson, kifua kimembana na pumzi hazimtoshi. Mwanawe akapanda mbele, kando ya dereva. Hawajafika nusu ya njia ya Lodwar, roho ya mzee ikatoka. Walikandamiza kifua chake, wakampulizia hewa, wakafanya yote yaliyo katika uwezo wao hata mkuu wa zamu akasema basi. Kisha, gari likiendelea na mwendo, mmoja wa waliokuwamo akamgeukia kijana akamwambia kwa upole, wala si kwa ubaya: "Daftari lako halina mrija hata mmoja. Huyu sasa haumii. Jaribu, nitakuongoza."

Kijana hakujaribu. Wala hasemi kuwa alikataa kwa ushujaa. Asema mikono ilimtetemeka, akajishughulisha na kufunga mkoba wa dawa hata wakafika. Na linalomkosesha usingizi si kwamba alikosea, bali kwamba hajui kama alipatia. "Masheikh zangu," aandika, "kesho huenda nikaletewa mtoto aliyezama ziwani, na koo lake litakuwa koo la kwanza katika maisha yangu. Akifa kwa kuwa sikujifunza, dhambi ni ya nani?"

Kabla hatujamjibu, twataka msomaji aijue nchi yenyewe, kwani jawabu lataka kuijua. Kwa wazee wetu Lodwar lilikuwa jina la kifungo. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung tangu 1953, akahamishiwa Lodwar 1959, hata alipoondolewa 1961 kupelekwa Maralal. Na watu wa pwani walipolisikia jina hilo katika habari walidhani ni mwisho wa dunia, mahali ambapo Serikali humtupa imtakaye asionekane. Dhana hiyo imebaki katika vichwa vya wengi, nayo tutairudia. Leo ni makao makuu ya kaunti yenye eneo la zaidi ya kilomita mraba 68,000, na kwa hesabu ya 2019 walikuwako watu karibu 927,000. Hospitali kubwa ya kaunti iko Lodwar. Kutoka Kalokol kwenye ufuo wa ziwa hadi hapo ni kama kilomita 60, na kutoka Kakuma ni kama kilomita 120. Tena mtu wa Longech, ulimi ule wa mchanga uliotenga ghuba na ziwa, hana budi kupakiwa mashuani kwanza, awekwe juu ya nyavu na samaki, avushwe, ndipo alione gari. Na Kakuma kuna kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa 1992, na tangu 2016 makazi ya Kalobeyei karibu yake, mote mna watu zaidi ya laki mbili wa Sudani Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko.

Maana ya umbali huo ni kwamba gari la wagonjwa katika nchi ile si njia ya kumfikisha mtu hospitali tu, bali kwa muda wa saa nzima au zaidi ni hospitali yenyewe. Mwanagenzi anayeketi ndani yake hakuketi barazani. Ameketi katika chumba cha ndani kabisa cha nyumba ya mtu. Na mgonjwa hana khiari. Mkazi wa Mombasa au Nairobi mwenye uwezo akichukizwa na aliyemshika aweza kusema niitieni mwingine. Mvuvi wa Ghuba ya Ferguson atamwita nani? Ukimwuliza kama aridhia mwanafunzi amguse, atakubali, kama vile anayezama akubalivyo kushikwa na mkono wowote. Ridhaa ya namna hiyo ni ridhaa, lakini ni nyembamba sana, na mwenye kuipokea yampasa asiitwishe mzigo mkubwa.

Baadhi ya wenzetu walifungua mazungumzo kwa kusema kuwa haya ni mambo ya Kizungu, hayana mahali katika vitabu vyetu. Si kweli. Bwana Larrey, tabibu wa majeshi ya Ufaransa, alisifiwa katika miaka ya 1790 kwa magari yake mepesi ya kuokota majeruhi vitani, lakini miaka zaidi ya elfu kabla yake Rubayyi' binti Mu'awwidh, radhi za Mungu ziwe juu yake, alisimulia, na Bukhari akaipokea, kuwa wanawake walikuwa wakitoka pamoja na Mtume (S.A.W.) wakiwanywesha watu maji, wakiwahudumia, na kuwarudisha Madina waliojeruhiwa na waliouawa. Na Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa na hema ambamo Sa'd bin Mu'adh aliuguzwa jeraha lake baada ya vita vya Handaki. Basi kumchukua majeruhi, kumgusa asiye maharimu wako kwa sababu ya dharura, na kubeba hata aliyekwisha kufa, ni mambo waliyoyatenda watu bora wa umma huu. Linalobaki kwetu ni adabu yake.

Nani basi huyu mwanagenzi ndani ya gari? Twasema ni mgeni katika msiba wa mtu. Hakualikwa na mwenye msiba, aliletwa na chuo chake; wala hakuja kwa ajili ya mgonjwa peke yake, amekuja pia kwa ajili ya nafsi yake, apate elimu na riziki. Hapana aibu katika hilo, bali aibu ni kulisahau. Watu wetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na katika gari lile msemo huu haubaki kuwa msemo. Mgeni ambaye kuja kwake hakumpunguzii mwenyeji maumivu wala hakumzidishii uangalizi, huyo amekuja kutazama ngoma.

Jambo la kwanza litokalo katika ugeni huo ni ukweli wa jina. Mgonjwa amwonapo kijana mwenye glavu na koti humwita daktari, na kijana huona tamu, au huona kuwa kusahihisha kutampotezea muda, akanyamaza. Kunyamaza huko ni kuivaa nguo isiyo yako. Imepokewa katika kitabu cha Abu Dawud kuwa mwenye kutibu watu naye hajulikani kwa utabibu, dhamana i juu yake. Na maulamaa walipolieleza hilo hawakumkusudia mganga mwongo peke yake, bali kila mtu aliyeuvuka mpaka wa ujuzi wake. Aseme maneno machache: mimi ni mwanafunzi, mkubwa wangu ni huyu, naomba nikushike mkono. Ayaseme kwa lugha anayoielewa mgonjwa, na kama hana lugha hiyo, amwombe ndugu aliyefuatana naye au dereva, kwani mara nyingi dereva ni mwenyeji wa nchi. Kijana wetu asema kwamba alipojifunza kuamkia "Ejoka" kwa Kiturkana, hata kabla hajajua neno la pili, nyuso zilibadilika. Huko Kakuma, asema, alijaribu Kiarabu cha chuoni kwa mzee wa Kisudani, mzee akamcheka pamoja na maumivu yake, kisha wakaelewana. Nahau tuliyomfundisha kwa bakora haikupotea bure.

Jambo la pili ndilo zito, nalo ni lile daftari. Hatulilaumu daftari lenyewe. Chuo kisipohesabu kitajuaje nani ameiva? Lakini kila kitu kinachohesabiwa huanza kupendwa kwa ajili ya hesabu yake, na mwanagenzi aliyebakiza dripu mbili kabla ya mwisho wa mwezi huuona mkono wa mgonjwa kwa jicho jingine. Dripu ambayo jana angeingoja hospitali, leo yaonekana ni ya haraka. Mshipa uliomkwepa mara ya kwanza na ya pili, ataka kuujaribu mara ya tatu, na gari linatikisika, na mama mwenye uchungu wa uzazi ameuma ncha ya kanga yake. Hapo tulijiuliza kipimo ni kipi, nasi tukaafikiana juu ya hiki: kazi yoyote itakayofanywa katika mwili wa mgonjwa iwe ni ile ambayo ingelifanywa hata kama mwanafunzi hayumo garini. Kama yatakiwa, na mkono wa mwanafunzi chini ya jicho la mwalimu wake hauzidishi madhara, basi aifanye, nayo ni sadaka ya mgonjwa kwake. Kama haitakiwi, haifai hata akiombwa na mwalimu, hata zikibaki siku mbili. Na idadi ya majaribio ipatanwe kabla gari halijatoka, si mbele ya mgonjwa: mara moja, au mbili kwa mshipa mgumu, kisha asogee bila kununa, ampishe mwenye uzoefu.

Yupo atakayesema kuwa kipimo hicho chamnyima mwanafunzi fursa. Ndiyo, chamnyima baadhi. Ishaq bin Ali al-Ruhawi, aliyeandika katika karne ya 9 kitabu cha adabu za tabibu, hakuanza na dawa, alianza na nafsi ya tabibu mwenyewe. Kwani mwenye kuzoea katika ujana wake kuutumia mwili wa mtu kwa haja zake hataiacha tabia hiyo siku apatapo cheti. Atabadilisha daftari kwa mfuko wa fedha.

Mambo madogo hatutayarefusha, kwani hakuna asiyeyajua: awahi zamu kabla ya saa yake, awe safi, ajue mtungi wa oksijeni uko wapi na umebaki kiasi gani kabla hawajaitwa, afunge mkanda, asisimame mlangoni, asiwe wa kwanza kuingia penye ugomvi wala wa mwisho kushika machela. Akiona mtungi umekwisha na mkubwa wake hajaona, aseme. Haya kwa wakubwa ni tabia njema, lakini haya inayomwacha mgonjwa bila hewa si haya bali ni woga. Na iwapo wamo wanafunzi wawili, mwanamume na mwanamke, na mgonjwa ni mama anayejifungua, inajulikana nani akae wapi.

Juu ya sitara hatuwezi kupita kwa haraka hivyo. Gari ni dogo, na nguo hukatwa kwa mkasi. Kijana asema mara ya kwanza alipomhudumia mwanamke wa Kiturkana mwenye shanga nyingi shingoni alishika mkasi ili aifikie shingo, na mwuguzi, naye ni binti wa nchi hiyo, akamzuia mkono. Shanga zile si pambo tupu. Zaeleza hali ya mwanamke katika watu wake, na kuzikata bila dharura ni kama kumvua bibi wa Lamu buibui lake sokoni. Mwuguzi alizisogeza kwa vidole, moja baada ya nyingine, na muda uliopotea haukufika dakika. Kijana alisoma jambo katika dakika ile ambalo daftari lake halina safu ya kuliandikia.

Na simu! Siku hizi msiba wa mtu hufika katika simu za watu kabla maiti hajafika kwao. Mwanagenzi apigaye picha ya jeraha "kwa ajili ya masomo", kisha akawapelekea wenzake, nao wakawapelekea wenzao, ameiba. Katiba ya Kenya ya 2010 katika kifungu cha 31 imelinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeongeza. Lakini hata pasingekuwa na sheria, sisi twajua amana ni nini. Wala haitoshi kusema uso hauonekani. Longech si mji mkubwa. Mguu ulioumwa na mamba wajulikana ni wa nani.

Sasa tulirudie lile lililoulizwa.

Katika darasa letu walikuwako waliosema, tena bila kuona haya: huyo mzee hakuwa Mwislamu, ni mtu wa Turkana, maiti yake haina hukumu ya maiti zetu, mwanafunzi angejaribu tu. Tulisikitika. Hii ndiyo ile dhana ya mwisho wa dunia tuliyoitaja. Je, hawakusoma kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alisimama jeneza lilipompita, akaambiwa kuwa ni la Myahudi, naye akawarudishia kwa kuwauliza kama hiyo si nafsi? Na ile hadithi inayofananisha kuuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja akiwa hai, Abu Dawud aliipokea ili tuwabague watu? Wenye kusema hivyo tuliwauliza suala moja: gari lingekuwa katika barabara ya Malindi, na aliyelala ni baba yako, nawe umeketi mbele kando ya dereva, ungeridhia? Hawakujibu. Ilikuwa ni kimya cha kutosha, na twatumaini wamerudi nyumbani nacho.

Lakini tusijifanye kuwa hoja ya upande wa pili ni hiyo dhaifu tu. Yuko katika darasa letu mzee aliyekuwa mwuguzi kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini, mtu wa sala na wa huruma, naye alisema neno zito. Alisema: "Ninyi mwazungumza juu ya heshima ya aliyekufa, mimi nimewaona waliokufa kwa sababu ya mkono usiojua. Koo la mtu aliyekata pumzi hukupa dakika chache. Mwenye kulitafuta njia kwa mara ya kwanza huitafuta gizani. Mrija ule haumvunji maiti mfupa, haumkati, haumwachi alama. Mwanafunzi ajifunze wapi?"

Swali hilo lastahili jibu la kweli. Lipo jibu la sanamu. Mtengenezaji wa vichezeo vya watoto wa Stavanger katika nchi ya Norwei, Asmund Laerdal, alitengeneza mwaka wa 1960 sanamu ya mtu mzima ya kujifunzia kumpulizia hewa aliyekata pumzi, kwa kushauriana na matabibu, miongoni mwao Peter Safar. Tangu wakati huo sanamu za namna hiyo, hata za kupitishia mrija, zimeenea vyuoni. Yasikitisha kujua kuwa uso wa sanamu ile ya kwanza ulichukuliwa kutoka kinyago cha msichana asiyejulikana, ambaye husimuliwa kuwa alitolewa amekufa katika mto Seine huko Paris, naye hakuna aliyemwomba ruhusa. Safar huyo huyo ndiye aliyewafundisha vijana weusi wa Pittsburgh, Marekani, katika huduma ya Freedom House iliyoanza 1967, katika mitaa ambayo wagonjwa wake walikuwa wakichukuliwa na magari ya polisi bila tiba njiani. Walipewa mafunzo marefu kwanza, na hospitali, na vyumba vya upasuaji ambamo tabibu wa usingizi husimama ubavuni mwa mwanafunzi na mgonjwa amepewa hewa ya kutosha. Mikono yao haikupata ujuzi kwa kuwavizia wafu. Kwa hiyo chuo kinachompeleka mwanafunzi garini bila sanamu na bila chumba cha upasuaji, kisha kikamdai mirija, kimehamisha deni lake kikalitia juu ya miili ya watu wa mbali. Dhambi aliyoiuliza kijana, kama ipo, yaanzia hapo. Haianzii katika mikono yake iliyotetemeka.

Hata hivyo mzee wetu aweza kusema, na alisema, kuwa sanamu si koo. Basi twende naye hatua nyingine. Wanavyuoni hawakufunga mlango kabisa. Majmaa ya Fiqhi ya Makka katika kikao chake cha 1987 iliruhusu maiti kupasuliwa kwa ajili ya kufundishia utabibu, lakini kwa masharti, na miongoni mwa hayo ni idhini inapokuwa mwenye maiti ajulikana, na kutokuvuka kipimo cha haja. Ikiwa kupasua, ambako ni kuzito zaidi, kumeruhusiwa kwa idhini, kupitisha mrija kwa idhini hakuwezi kuwa haramu zaidi yake. Kwa hivyo suala lote limebaki katika neno moja: idhini. Na idhini ilikuwa imeketi katika kiti cha mbele, hatua mbili kutoka walipokuwa, nyuma ya kioo.

Kwa nini mwana wa mzee hakuulizwa? Kijana wetu hatuambii, lakini sababu hazizidi mbili. Ama walidhani hataelewa, nalo ni dharau. Ama walijua atakataa. Na mwenye kuacha kuuliza kwa kuwa aliogopa jawabu, jawabu alikuwa nalo tayari. Hapa ndipo tuonapo kuwa mikono ya kijana ilijua kabla ya akili yake. Alichokisikia garini kilikuwa shauri la kufanya jambo kwa siri juu ya mtu, upande wa pili wa kioo kutoka kwa mwanawe, na fitra ikakataa. Tungelimtaka ajue kulisema: "Mwalimu wangu, nashukuru, lakini tumwulize kwanza mwanawe, na asipoulizwa sitaweza." Hayo ni maneno ya adabu, hayamvunjii mkubwa heshima. Twamwomba ayahifadhi, kwa kuwa siku nyingine huenda mkoba wa dawa usiwe karibu.

Watu wa Kalokol wana sababu zao za kumtazama kwa hadhari kila ajaye na fadhila asiyoulizia. Nchi ya Norwei hiyo hiyo iliwajengea, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki, kwa nia njema bila shaka. Kilisimama karibu mara tu kilipoanza, kwani kugandisha samaki katika joto lile kuligharimu kuliko samaki wenyewe, na baadaye katika miaka hiyo maji ya ghuba nayo yakapwa. Wenye kukiona hukihesabu miongoni mwa mifano ya hisani iliyofika kabla ya mazungumzo. Tusimtazamie mwana wa mvuvi aamini kwa urahisi kuwa kinachofanywa juu ya baba yake nyuma ya kioo ni kwa faida ya watu wote.

Mzee wetu mwuguzi aliyasikiliza hayo yote, na usiku wa tatu akasema: "Kumwuliza mtu ambaye baba yake amekata roho dakika tano nyuma, kama mwanafunzi aweza kumtumia, huo nao ni ukatili. Mwataka kumwongezea mwana jeraha ili mpate idhini safi." Hatukuwa na jawabu la haraka. Tulisema kuwa ikiwa kuuliza ni ukatili, basi kuacha ndiko kunakobaki, na maiti apumzishwe, ataulizwa mwingine siku nyingine, penye nafasi ya kukaa na kunywa maji kwanza. Akasema siku hiyo nyingine haiji, na huyo mtoto wa ziwani yuaja. Tukamwambia kuwa mtoto huyo ana haki juu ya chuo, juu ya kaunti, juu yetu sisi sote tuwezao kuchanga tukanunua sanamu, kabla hajawa na haki juu ya koo la mzee wa Longech. Alitikisa kichwa. Hakukubali, nasi hatukumlazimisha, na katika waraka tuliompelekea kijana rai yake tumeiandika kwa maneno yake mwenyewe, chini ya rai yetu, ili azisome zote mbili.

Ama habari ya sanamu, mchango umeanza kukusanywa. Daftari liko kwa mwangalizi wa msikiti, na kila Ijumaa baada ya sala hukaa kibarazani.